Kabla ya dole gumba: bei ya mkopo ambayo mkopaji haonyeshwi

Anayetaka kujua Watanzania wa kipato cha chini wanaelewa nini kuhusu fedha asianzie benki. Aombe ruhusa akae pembeni kwenye kikao cha kikoba siku ya hisa. Atakuta kina mama ishirini na kitu wamekaa duara chini ya mwembe au kwenye ukumbi wa ofisi ya mtaa, na katikati yao kuna kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu wa nyumba tofauti, na anayelala na kisanduku si mmoja wao. Aliyechelewa analipa faini kabla hajaketi. Simu ikiita, faini. Kisha wanaitwa kwa namba: namba moja hisa tatu, namba mbili hisa moja, namba tatu hisa tano. Kila hisa inagongewa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama mbele ya macho ya wote, na wahesabu fedha wawili wanahesabu noti kwa sauti. Salio la mfuko wa jamii, ule wa misiba na maradhi, wanalitaja wote kwa pamoja mwisho wa kikao na kulitaja tena mwanzo wa kikao kinachofuata, ili hata asiyejua kusoma awe shahidi.

Utaratibu huu ulianzia mbali. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuufanyia kazi na wanawake wa Maradi, nchini Niger, likijenga juu ya michezo ya kuchangishana waliyokuwa nayo tayari. Miaka ya mwanzo ya 2000 ukafika Zanzibar, katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, na mradi ulipokwisha vikundi havikufa, vilizidi kuongezeka. Bara tukawa na vikoba vyetu, navyo vilikuta wanawake wamezoea upatu tangu enzi za bibi zao: mchezo, kijumbe wa kukusanya, na zamu ya kupokea inayojulikana na kila mtu.

Nayataja haya kwa sababu kila mwaka tunasikia majukwaani kwamba tatizo la wananchi wetu ni kukosa elimu ya fedha. Kauli hiyo ina ukweli nusu, na ile nusu nyingine inawaonea watu. Mwanamke wa kikoba anajua kwamba fedha iliyolala haizai. Anajua kukopa mara tatu ya hisa zake na kutoza riba inayorudi kwenye mfuko wake mwenyewe, na anajua kumpima mdhamini kwa mwenendo wake badala ya suti yake. Siku ya kuvunja kikoba anajua anadai nini, na akipunjwa atasema palepale. Mtu huyohuyo, wiki hiyohiyo, anaweza kwenda kuchukua mkopo wa mtaani utakaomvua vyombo vya ndani. Swali ni nini hasa kinabadilika kati ya kikoba na ofisi ile ya mkopo, maana kichwa chake ni kilekile.

Kwanza tukubali hatua tuliyopiga, maana si ndogo. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 65 ya watu wazima Tanzania walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Ule wa mwaka 2023 ukakuta wamefika asilimia 76, na waliobaki nje kabisa, bila huduma rasmi wala kikundi, wameshuka kutoka asilimia 28 hadi 19. Ukichungulia ndani ya takwimu hizo utaona nani aliyefanya kazi: wanaotumia benki ni asilimia 22, wanaotumia fedha za simu ni asilimia 72. Benki imepiga hatua, lakini aliyefika kijijini ni wakala mwenye meza ya mbao, mwamvuli na daftari la kuandikia namba za miamala.

Safari hiyo haijafikisha hata miaka 20. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Mwanzoni mtu wa mtandao mmoja akimtumia wa mtandao mwingine ilikuwa ni usumbufu mtupu. Mwaka 2014 kampuni za simu hapa nchini zikaanza kukubaliana kuunganisha pochi zao, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia. Wakenya walisubiri hadi 2018. Katika jambo hili Tanzania ilitangulia, na ni haki tuliseme kwa sauti, kwa sababu aliyefaidika ni kijana wa Kariakoo anayemtumia mama yake wa Nachingwea bila kuuliza laini yake ni ya nani.

Faida yenyewe imepimwa. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, na mwaka 2016 wakaandika katika jarida la Science kwamba kuenea kwa M-Pesa kumezitoa kaya zipatazo 194,000 katika umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya za nchi hiyo, na kwamba familia zinazoongozwa na wanawake ndizo zilizonufaika zaidi. Njia ya kufika huko ilikuwa ya kawaida sana: mtoto akiugua ndugu wanachanga usiku uleule, na mwanamke anapata mahali pa kuweka akiba pasipoonwa na kila mtu ndani ya nyumba, kisha taratibu anaacha kibarua cha shamba na kufungua biashara.

Na tulijifunza pia jinsi imani ya watu kwa fedha za simu inavyoweza kutikiswa. Julai 2021 Serikali ilipoweka tozo ya miamala ya simu, kelele zilisikika hadi Ikulu, na kabla ya miezi miwili kupita tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena. Watu walirudi kubeba fedha mifukoni, wakatuma noti kwa makondakta wa mabasi kama zamani. Hakuna aliyehitaji semina kuelewa kwamba makato yamepanda: aliyaona kwenye ujumbe wa simu, shilingi kwa shilingi, palepale alipotuma. Bei ikionekana, Mtanzania anapiga hesabu haraka kuliko ofisa yeyote. Inapofichwa ndipo anapoumia.

Tuje kwenye mkopo.

Chukua mfano huu, ambao kila mama lishe wa mjini ataukuta haumpiti mbali. Unaomba Sh200,000. Ofisi ni chumba kimoja chenye meza, kalenda na kijana mchangamfu anayekuita mama. Hakuna mlolongo: kitambulisho, namba za simu za wadhamini wawili, picha za friji na televisheni yako. Unakatwa Sh20,000 ya fomu na "bima", unaondoka na Sh180,000. Utarejesha Sh10,000 kwa siku, siku 26. Sh10,000 kwa siku inasikika ndogo kwa mtu anayeuza chakula, na hapo ndipo mtego ulipo. Mwisho wake utakuwa umelipa Sh260,000 kwa fedha uliyoipokea Sh180,000, yaani Sh80,000 juu, katika muda usiofika mwezi. Ubaya zaidi umejificha katikati. Siku ya 13 tayari umesharudisha Sh130,000, lakini riba yako ilipigwa siku ya kwanza kana kwamba Sh200,000 zote zitakaa mikononi mwako hadi siku ya mwisho.

Watu wameipa mikopo hii jina lake, kausha damu, na jina hilo limefika hadi bungeni. Anayechelewa rejesho anajua kitakachofuata: wanakuja kijana wa ofisi na wenzake wawili, wanakaa kibarazani hadi majirani waulize kulikoni, kisha friji inabebwa. Wapo waliohama mitaa usiku, na wapo ambao ndoa zao zilivunjika kwa sababu mume aliujua mkopo siku vyombo vilipopakiwa kwenye guta. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini walikuwa wakisema juu ya mkopaji na mkopeshaji waliojuana. Hawakuwahi kukutana na mkopeshaji anayepata faida zaidi mteja wake anapozama.

Sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne: benki ndogo zinazopokea amana; wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwamo watu binafsi na wa kidijitali; SACCOS; na vikundi kama vikoba, vinavyosajiliwa kupitia halmashauri. Wale wa daraja la pili Benki Kuu iliwawekea kikomo cha riba: isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Rudi kwa mama lishe wetu. Asilimia 3.5 ya Sh200,000 ni Sh7,000. Yeye amelipa riba ya Sh60,000, ukiacha zile Sh20,000 za fomu. Pengo kati ya 7,000 na 60,000 ndilo linaloendesha biashara nzima ya kausha damu.

Kausha damu ya simuni ilikuja kwa sura nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Nyingi za aina hii zilikuwa na tabia moja: ukizipakua unaziruhusu kusoma orodha ya majina kwenye simu yako, na siku ukichelewa, shangazi yako, bosi wako na mchungaji wako wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Mkopo wenyewe ulikuwa wa Sh50,000. Fedheha yake haina kiwango.

Hata mikopo halali ya simu inastahili kuangaliwa kwa jicho kali. Watafiti wa CGAP, kituo kilicho chini ya Benki ya Dunia, waliwahoji wakopaji wa kidijitali wa Kenya na Tanzania na kutoa matokeo mwaka 2018. Kwa upande wa Tanzania, asilimia 56 ya waliokopa walisema wamewahi kuchelewa kulipa, na asilimia 31 walisema wameshindwa kabisa kulipa mkopo fulani. Kwa Kenya walioshindwa kabisa walikuwa asilimia 12. Biashara ambayo karibu theluthi ya wateja wake wanakiri kushindwa kulipa ina kasoro katika bidhaa. Hatuwezi kusema kwamba mtu mmoja kati ya watatu hana akili.

Hapa ndipo elimu ya fedha inapohitajika, na hapa ndipo nyingi tunayotoa inapokosea njia. Semina zetu zinafundisha nidhamu: weka akiba, andika bajeti, usikope kwa ajili ya sherehe. Ni maneno mema. Lakini mkopaji hafundishwi kusoma bei, na bei ya mkopo ni fumbo kuliko bei ya kitu kingine chochote sokoni.

Tufumbue moja. Wakopeshaji wawili wanakupa Sh1,000,000 kwa miezi 12, na wote wawili wanakuambia riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Wa kwanza anapiga riba juu ya kiasi ulichokopa mwanzo, haibadiliki: Sh35,000 kila mwezi, mara 12, Sh420,000. Rejesho lako ni kama Sh118,300 kwa mwezi. Wa pili anapiga riba juu ya deni lililobaki, ambalo linapungua kila ukilipa. Rejesho lake ni kama Sh103,500, na riba yote kwa mwaka inakuja karibu Sh242,000. Asilimia ni ileile, maneno ni yaleyale, na tofauti ni zaidi ya Sh178,000. Tazama mwezi wa 12 kwa yule wa kwanza: deni halisi lililobaki ni takriban Sh83,000, na bado unatozwa riba ya Sh35,000.

Hesabu za riba tulizosoma shule ya msingi, mtaji mara kiwango mara muda, zinamfaa mtu anayekaa na mtaji wote hadi mwisho kisha akaurudisha kwa mkupuo. Mtu anayerejesha kila wiki au kila mwezi hana mtaji wote. Kwa hiyo mwananchi aliyefaulu vizuri darasani akitumia hesabu aliyofundishwa atamkubali mkopeshaji wa kwanza bila shaka yoyote. Swali la kumfundisha ni moja tu, na halihitaji cheti: riba hii inapigwa juu ya nilichokopa au juu ya kilichobaki? Akijua kuliuliza hilo, amejua zaidi ya kurasa 20 za kijitabu cha elimu ya fedha.

Kuna ushahidi kwamba elimu fupi ya namna hii ndiyo inayoshika. Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar waliwagawa wafanyabiashara wadogo: wengine wakafundishwa uhasibu wa kawaida, wengine kanuni chache za kushika mkononi, kama vile kutenga fedha ya duka na ya nyumbani katika sehemu mbili tofauti na kujilipa mshahara usiobadilika. Matokeo yalichapishwa 2014. Waliofundishwa uhasibu hawakubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Waliopewa kanuni fupi waliboresha namna wanavyoendesha fedha zao. Muuza genge wa Buguruni mwenye mikoba miwili, mmoja wa mtaji na mmoja wa matumizi, anafanya jambo hilohilo, na pengine alilipata kwa mama yake.

Lakini hata swali sahihi halimsaidii mtu ambaye hana pa kwenda akishajibiwa. Hili linaonekana wazi kusini, kwenye korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, mkulima wa Mtwara na Lindi anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, mnada unafanyika, na malipo yanaingia benki. Kwa takwimu za ujumuishi wa kifedha ni mteja kamili: ana akaunti, ana kadi, ana ujumbe wa salio. Sasa tazama mwaka wake. Minada inaanza kama Oktoba. Fedha inakuja mara moja, nyingi, kisha hakuna hadi msimu ujao. Kufika Juni na Julai, mikorosho inapotaka salfa na wanafunzi wanatakiwa shule, ndani hamna kitu. Ndipo mtu wa kangomba anapobisha hodi na fedha mkononi, akinunua korosho ambazo bado ziko mtini kwa bei ya kutupa.

Serikali imepambana na kangomba kwa nguvu, hasa msimu wa 2018/19, kwa uhakiki wa mashamba na kwa vyombo vya dola. Sipuuzi juhudi hizo, lakini kangomba ni mkopo. Ni mkopo mbaya na wa kinyonyaji, ila unafika mlangoni mwezi ambao hakuna mwingine anayefika. Ukimkataza mkulima bila kumpa mkopo wa Julai unaolipwa Novemba, kwa riba iliyoandikwa, umemwachia njaa tu. Wataalamu walioandika kitabu Portfolios of the Poor mwaka 2009, baada ya kufuatilia daftari za fedha za kaya maskini za Bangladesh, India na Afrika Kusini, walisisitiza jambo hilo: shida ya maskini si udogo wa kipato peke yake, ni kwamba kipato hicho hakiji siku kinapohitajika. Benki inayotaka marejesho ya kila mwezi kutoka kwa mkulima wa zao la mara moja kwa mwaka haijamjua mteja wake, hata kama imemfungulia akaunti.

Halmashauri zina dawa nyingine ambayo haitajwi vya kutosha. Asilimia 10 ya mapato yao ya ndani sheria inataka yakopeshwe bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu, kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ukarudi 2024. Mkopo usio na riba ukisimamiwa sawasawa ni pigo kubwa zaidi kwa kausha damu kuliko operesheni yoyote. Diwani anayesoma makala hii aulize katika kikao kijacho: kata yetu imepata kiasi gani, vikundi gani, na kimerejeshwa kiasi gani?

Upande wa akiba nao una majeraha yake, na mtu akijeruhiwa huko haendi tena benki, anarudi chini ya godoro. Mwaka 2009 kampuni ya DECI iliwachukua maelfu ya watu, wengi wao waumini, kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna. Waliotangulia walivuna kutoka mifukoni mwa waliofuata, kama ilivyo desturi ya upatu haramu, hadi Serikali ilipoifunga na viongozi wake kutiwa hatiani mwaka 2013. Kisha Januari 2018 Benki Kuu ikazifutia leseni benki tano kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha: Covenant, Efatha, Njombe Community, Wakulima Kagera na Meru Community. Hizi hazikuwa utapeli, zilikuwa benki halali, na kadhaa zilianzishwa ili kuwafikia watu wa kawaida. Mteja aliyekuwa na amana ndogo alilindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi Sh1.5 milioni. Aliyezidisha hapo aliambiwa asubiri ufilisi.

Kiwango hicho cha bima kilipandishwa mwaka 2023 hadi Sh7.5 milioni. Ni jambo kubwa kwa mwenye akiba ndogo, maana fedha zake zote zimelindwa benki ikianguka. Waulize watu kumi walio kwenye foleni ya benki wangapi wanalijua. Mabango ya benki yanatangaza droo za kushinda pikipiki, na bima ya amana inakaa kwenye maandishi ya chini. Mtu anayeogopa benki kwa sababu ya kilichompata jirani yake mwaka 2018 anahitaji kuambiwa habari hii moja kuliko tangazo lolote la pikipiki.

Kuna pia mlango mwingine ambao wengi hudhani si wao: mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wa Umoja wa UTT ulifunguliwa 2005, na leo mtu anaweza kununua vipande kwa simu kwa fedha ya vocha chache. Vinapanda na kushuka, si mchezo wa kubahatisha wala mbegu ya DECI. Kikoba kinachovunjwa Desemba na kugawana milioni kadhaa zinazoyeyuka kabla ya Pasaka kinaweza kuamua sehemu iingie huko. Vipo vinavyofanya hivyo, na wanachama wake wanajadili vipande siku ya hisa kwa utulivu uleule wanaojadili mfuko wa jamii.

Kwa hiyo nini kinabadilika kati ya kikoba na ofisi ya mkopo? Kwenye kikoba kila shilingi inahesabiwa kwa sauti, masharti yamewekwa na wakopaji wenyewe, na riba inarudi kwao. Kwenye ofisi ile masharti yameandikwa na mtu mwingine, mara nyingi kwa Kiingereza, na mkataba unasainiwa kwa dole gumba huku foleni ikisubiri. Tunamlaumu mkopaji kwa kutosoma karatasi ambayo haikuandikwa ili aisome.

Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mtoa huduma aweke gharama zote wazi. Naiomba Benki Kuu iende hatua moja mbele. Kila mkopo, wa ofisini au wa simuni, uwe na ukurasa wa kwanza wa Kiswahili wenye mistari michache kwa shilingi, si kwa asilimia: unapokea kiasi gani mkononi, utarejesha kiasi gani kwa jumla, ukichelewa siku moja utaongezwa kiasi gani, na namba ya leseni ya anayekukopesha. Usiokuwa na ukurasa huo usidaiwe mahakamani. Wakopeshaji waaminifu, na wapo wengi, hawatapoteza kitu. Wizara ya Fedha nayo, inayozunguka mikoani na mabanda ya Wiki ya Huduma za Fedha tangu 2021, iondoke viwanja vya mikutano iende siku ya hisa, ikae duara na kina mama wale, ifundishe pale ambapo kisanduku kimefunguliwa na mtu ana mkopo wa kuamua leo.

Nawe msomaji, kama kuna fomu mezani kwako wiki hii, usisaini leo. Angalia kwanza kama jina la mkopeshaji limo kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu, inayopatikana kwenye tovuti yake. Muulize riba inapigwa juu ya nini, na umwambie akuandikie jumla ya marejesho kwa mkono wake. Akikataa kuandika, ondoka.